Alaipayuthey: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sinema ya Kitamil ya Mapenzi na Ndoa

Kila ninapomshawishi mtu aitazame Alaipayuthey, hurudi na maswali. Mengine huyauliza kabla hajaanza: ni ya lugha gani, ni ndefu kiasi gani, ataielewa? Mengine huja baada ya kumaliza, na hayo ndiyo hunigusa zaidi, kwa sababu aghalabu anayeuliza hazungumzii tena sinema bali nyumba yake mwenyewe. Nimeyakusanya yote hapa na kuyajibu kadiri ninavyoijua kazi hii, ambayo nimeipenda kwa miaka mingi.

Tahadhari moja: majibu ya sehemu za mwisho yanaeleza jinsi hadithi inavyoisha. Pale yanapoanzia nimesema wazi.

Alaipayuthey ni sinema gani?

Ni sinema ya Kitamil iliyotoka tarehe 14 Aprili 2000, siku ya mwaka mpya wa Watamil. Mwongozaji ni Mani Ratnam, na iliandaliwa na kampuni yake ya Madras Talkies. Ina urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu.

Inahusu vijana wawili wa jiji la Chennai. Karthik ni mhandisi wa programu za kompyuta ambaye pamoja na rafiki zake ndiyo kwanza wanaanzisha kampuni yao. Shakti anasomea udaktari. Wanakutana kwenye harusi ya rafiki kijijini, wanakutana tena kwenye treni mjini, wanapendana, wazazi wanagombana, na wao wanaoana kwa siri. Hadi hapo unaweza kusema umeshaiona hadithi hii mara mia. Lakini harusi ya Karthik na Shakti iko katikati ya sinema, na nusu iliyobaki yote inauliza swali ambalo sinema nyingine hulikimbia kwa kuandika "Mwisho" juu ya picha ya bibi harusi: sasa mtaishije?

Kwa hiyo ni sinema ya Kihindi?

Ni ya India, ila haikuigizwa kwa Kihindi. Mkanganyiko huu ni wetu sisi Waswahili na una asili yake. Wahindi waliohamia pwani yetu kwa wingi walikuwa Wagujarati, Wapunjabi na Wagoa, na picha zilizojaa kwenye majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam zilitoka Bombay. Tukazizoea kuziita "picha za Kihindi", na neno hilo likafunika nchi nzima.

Kitamil ni lugha nyingine kabisa. Kihindi kina undugu na Kiajemi na hata na lugha za Ulaya. Kitamil ni cha familia ya Kidravidi pamoja na Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam, kina maandishi yake na fasihi ya zaidi ya miaka elfu mbili. Kinazungumzwa katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, kaskazini na mashariki mwa Sri Lanka, Singapore na Malaysia. Mtu wa Chennai ukimwambia anaongea Kihindi ni kama kumwambia Mnyakyusa anaongea Kimasai kwa kuwa wote ni Watanzania. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanalijua hili vizuri kuliko sisi, maana wanafanya kazi bega kwa bega na Watamil na Wamalayali, na huko picha za Kitamil huonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya kawaida.

Tasnia yenyewe huitwa Kollywood, kutokana na Kodambakkam, mtaa wa Chennai ulikokuwa na studio nyingi.

Jina lake lina maana gani?

"Alai" ni wimbi. "Alaipayuthey" ni hali ya kutotulia na kusukasuka kama maji ya bahari, moyo usiopata pa kutua. Jina limetoka kwenye wimbo wa kale wa Oothukkadu Venkata Kavi, mtunzi wa karne ya 18, ambamo mpenzi anamwambia Kanna, yaani Krishna, kwamba moyo wake unapigwa na mawimbi kwa sababu ya sauti ya filimbi yake. Wimbo huo wenyewe umo ndani ya sinema, ukiimbwa na Harini, Kalyani Menon na Neyveli Ramalakshmi.

Naona jina hili limechaguliwa kwa busara kubwa. Wimbi haliji mara moja likaisha. Linakuja, linarudi, linakuja tena, na ndivyo wapenzi hawa wanavyoishi: wakikaribiana, wakiachana, wakirudiana.

Waigizaji ni akina nani?

Karthik ni R. Madhavan. Hii ndiyo sinema yake ya kwanza ya Kitamil. Kabla ya hapo alijulikana kwenye tamthilia za televisheni za Kihindi, na Mani Ratnam aliwahi kumfanyia majaribio kwa ajili ya sinema yake ya 1997, Iruvar, asimchukue. Shakti ni Shalini, ambaye watu wa kusini mwa India walimjua tangu akiwa mtoto mdogo, wakimwita Baby Shalini. Katika mwezi huohuo wa Aprili 2000 sinema ilipotoka, Shalini aliolewa na mwigizaji Ajith Kumar, akaiaga kazi ya uigizaji. Watazamaji wengi wanambeba kichwani akiwa Shakti kwa sababu hiyo: ni kama sura ya mwisho tuliyoachiwa.

Jayasudha ni mama yake Shakti, Swarnamalya ni dada yake Poorni, Pyramid Natarajan na K.P.A.C. Lalitha ni wazazi wa Karthik, na Vivek anatuchekesha kidogo pale moyo unapokuwa mzito. Arvind Swamy na Khushbu wanaingia mwishoni kwa dakika chache tu, na dakika hizo zinageuza kila kitu.

Mpiga picha ni P. C. Sreeram, mhariri ni A. Sreekar Prasad, muziki ni wa A. R. Rahman na mashairi ni ya Vairamuthu.

Mbona hadithi imevurugwa? Mara wameoana, mara hawajajuana.

Haijavurugwa. Sinema ina siku moja ya sasa na miaka ya nyuma. Siku ya sasa ni hii: Karthik anakwenda stesheni kumpokea mkewe, treni inafika, abiria wanashuka, Shakti hayumo. Anaanza kumtafuta. Wakati anahangaika mjini, kumbukumbu zinamrudisha kule walikoanzia.

Ukilijua hilo mapema hutapotea. Na utaona faida yake: hata kwenye matukio matamu kabisa ya uchumba, wewe unajua kwamba kuna jioni ambapo mwanamke huyu hataonekana. Kila tabasamu lina kivuli chake.

Kwa nini wazazi walikataa? Ni mambo ya tabaka la kuzaliwa?

Kinachozungumzwa waziwazi ni hadhi na pesa. Baba yake Karthik ni wakili mwenye uwezo. Baba yake Shakti ni mfanyakazi wa reli, mtu wa mshahara na nyumba ndogo iliyojaa heshima. Karthik anafanya inavyotakiwa: anawaomba wazazi wake waende kuposa. Wanakwenda. Baba yake anaongea kama mtu aliyeshuka ngazi kuja kumsaidia maskini, baba yake Shakti anajibu kama mtu ambaye hana cha kulinda zaidi ya utu wake, na posa inageuka ugomvi wa wazee wawili. Watoto hawaulizwi tena.

Mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye msafara wa posa anajua jinsi neno moja linavyoweza kuharibu safari nzima. Tofauti ni kwamba kwetu kuna mshenga, mtu wa kuyachuja maneno kabla hayajafika upande wa pili. Pale sebuleni kwa akina Shakti hapakuwa na wa kuchuja.

Kwa Watamil wengi ndoa huanza na "ponnu paarkka", yaani kwenda kumwona binti. Familia ya mwanamume huja, binti huwaletea kahawa, na desturi ni kuandaa sojji na bajji, kitamu na cha kukaanga. Nyota za wawili hulinganishwa. Yakikubalika, hufuata uchumba rasmi unaoitwa nichayathartham. Usipoujua mpangilio huu huwezi kuona ukubwa wa kile ambacho Karthik na Shakti walikiruka.

Kwa nini waoane kwa siri kisha kila mmoja arudi kwao?

Hili ndilo huulizwa kuliko yote, na wengi huuliza kwa hasira.

Baada ya ugomvi wa wazee, Shakti anaamua kuachana na Karthik. Anakwenda Kerala, jimbo jirani, kwenye kambi ya matibabu. Huko ndiko wote wawili wanagundua kwamba kutengana hakuwezekani. Karthik anamfuata, anamtafuta hadi anampata. Wanaporudi wanaoana hekaluni, rafiki zao wakiwa mashahidi. Kisha wanafanya jambo la ajabu: wanaagana, kila mmoja anakwenda kulala kwa wazazi wake kama vile hakuna kilichotokea.

Mimi naliona hivi. Hawakutaka kuwaumiza wazazi, na hawakutaka kukosana. Wakajaribu kupata vyote viwili. Walifikiri siku zikipita hasira za wazee zitapoa na ndipo watakaposema. Huu ni uoga, lakini ni uoga wa watoto wenye mapenzi na wazazi wao, na Mani Ratnam hauchezei shere. Anauonyesha tu ukiwa na gharama yake.

Gharama inakuja haraka. Watu wanakuja kumposa Poorni, dada mkubwa, na wanapendezwa na nyumba kiasi kwamba wanamtaka na Shakti kwa ajili ya mdogo wake bwana harusi. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na ndoa ni kikohozi kikubwa zaidi. Shakti analazimika kusema: nimeshaolewa. Posa ya dada yake inavunjika palepale. Shakti anafukuzwa nyumbani, Karthik naye anafukuzwa kwao, na siku hiyo ndiyo ndoa yao inaanza kweli.

Thali ni nini, na ndoa ya hekaluni bila wazazi ni halali?

Thali ni kidani cha ndoa. Huwa na kipande cha dhahabu kilichofungwa kwenye uzi uliopakwa manjano au kwenye mkufu, na bwana harusi humvalisha mkewe shingoni kwa mafundo matatu huku nadaswaram na thavil, zumari na ngoma ya harusi, vikipigwa kwa nguvu ili sauti yoyote ya mkosi isisikike. Mwanamke aliyeolewa haivui ovyo. Ndiyo maana mwenye ndoa ya siri ana kazi ya kuificha chini ya nguo kila siku, kitu ambacho wenzake huonyesha kwa fahari. Kuna na pete za vidole vya miguu, metti, nazo zinasema wazi kwamba huyu ni mke wa mtu.

Kuhusu sheria: Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya India ya 1955 inatambua ndoa iliyofungwa kwa desturi za upande mmojawapo, na ridhaa ya wazazi si sharti kwa watu wazima. Umri ni miaka 18 kwa mwanamke na 21 kwa mwanamume. Tamil Nadu ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1967, chini ya serikali ya C. N. Annadurai, jimbo hilo lilihalalisha "suyamariyathai", ndoa za kujiheshimu, ambazo hazihitaji kuhani: wawili wanatamkiana mbele ya watu kwamba wamekubaliana, wanavishana taji la maua au pete, au thali inafungwa, basi. Hayo yalikuwa matunda ya vuguvugu lililoanzishwa na Periyar E. V. Ramasamy miaka ya 1920 kupinga utumwa wa matabaka. Kwa hiyo vijana wa Chennai kuoana bila baba na mama ni jambo lenye njia ya kisheria. Ugumu uko mezani, kwenye chakula cha jioni, pale baba anapoacha kukusemesha.

Kwa nini wanagombana hivyo baada ya ndoa? Si walipendana?

Walipendana, na bado wanapendana wakati wanagombana. Hapo ndipo sinema hii iliponishika mimi.

Nyumba wanayohamia haijamalizika kujengwa. Ni chumba cha ghorofa ambalo bado ni matofali na saruji, hakuna rangi, upepo unapita. Mwanzoni ni mchezo: wanacheka, wanapamba, wanaimba. Kila kitu ni chao. Halafu siku zinaanza kufanana. Yeye ana zamu za hospitali, yule ana kampuni changa inayomla usiku na mchana. Nani kachelewa kurudi, nani alisahau, nani alipandisha sauti kwanza. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, lakini hawa wawili hawana shangazi wa kumkimbilia, hawana somo aliyewafunda, hawana wazee wa kuwakalisha chini. Walikata kamba zote siku moja. Kila ugomvi unabaki ndani ya kuta zile nne zisizo na rangi.

Angalia pia kwamba ndani ya nyumba hakuna mtu mbaya. Hakuna mavyaa mkorofi, hakuna mlevi, hakuna hawara. Wangekuwa na adui wangeungana. Wanachogundua ni kwamba walipokuwa wanapinga wazazi walikuwa na kazi ya kufanya pamoja, na kazi hiyo imekwisha. Sasa wamebaki kutazamana, na kila mmoja anamwona mwenzake alivyo: Karthik ana kiburi cha mtoto aliyelelewa akipata anachotaka, Shakti ana kinyongo kinachokaa kimya muda mrefu kisha kinalipuka.

Nimewasikia watu wakisema sehemu hii inachosha. Nawaelewa, hasa vijana. Nawaomba tu waitazame tena baada ya miaka mitano ya ndoa.

Karthik alikosea wapi hasa kuhusu baba yake Shakti?

Habari zinafika kwamba baba yake Shakti anaumwa na anataka kumwona binti yake. Karthik anakumbuka matusi aliyopewa na anagoma kwenda. Shakti anambembeleza. Mwishowe anakubali, wanakwenda. Wanafika mzee ameshafariki.

Hakuna maneno ya kulifuta hilo. Karthik hakumuua mtu, na hasira yake ilikuwa na sababu. Lakini zile saa alizotumia kukataa zilikuwa ndizo saa pekee zilizobaki. Shakti hawezi kumsamehe, na zaidi hawezi kujisamehe mwenyewe kwa kuwa alisubiri ruhusa. Watazamaji wetu wengi huniambia hapa ndipo walipolia, na sishangai. Kwetu kumkosa mzazi dakika ya mwisho bila kusameheana ni mzigo ambao mtu huubeba hadi kaburini.

Karthik anatubu kwa vitendo, lakini bila kusema. Anaanza kuhangaika kimyakimya kumrudisha yule mchumba wa Poorni ili dada aliyeharibikiwa posa kwa sababu yao naye apate ndoa. Ni wema mkubwa. Kosa ni kwamba anaufanya kwa siri, kama alivyooa kwa siri. Shakti anamwona akiwa amemkumbatia Poorni, na anaelewa vibaya.

Nyimbo zinahusu nini? Sielewi maneno.

A. R. Rahman alitoka kwenye sinema ya Mani Ratnam mwaka 1992, Roja, na tangu hapo wawili hawa hawajaachana. Kwa Alaipayuthey alifanya kazi ambayo ningeisikiliza hata bila picha. Sitazipitia zote.

"Pachai Nirame", iliyoimbwa na Hariharan na Clinton Cerejo, ni shairi la rangi. Vairamuthu anachukua kijani, nyekundu, manjano, buluu, nyeusi na nyeupe, na kila rangi anaipeleka mahali inapoonekana duniani kisha anairudisha kwa mpenzi. Ukiwa unapenda ushairi wetu wa zamani utaitambua mbinu hiyo: kuchukua kitu kimoja na kukizungusha hadi kiseme yote.

"Yaro Yarodi" ni wimbo wa wanawake harusini, wakimtania mwenzao kuhusu mume atakayempata. "Kadhal Sadugudu" unafananisha mapenzi na mchezo wa sadugudu, ambao wengi mnaujua kwa jina la kabaddi: unaingia upande wa mwenzako huku umezuia pumzi, unamgusa, unajaribu kutoka salama.

Wimbo ninaourudia mimi ni "Evano Oruvan", wa Swarnalatha. Shakti yuko Kerala, amemwacha Karthik, na sauti inamzungumzia mtu fulani anayepiga filimbi mahali pasipoonekana. Hakuna mbwembwe. Swarnalatha anaimba kama mtu anayejisemea mwenyewe jikoni usiku. Alifariki mwaka 2010, na kila nikiusikia wimbo huu nauona kama amana aliyotuachia.

"Snehithane" maana yake ni "ewe rafiki". Ni wimbo wa mke kwa mume, si wa mchumba kwa mchumba, na mke anamwita mumewe rafiki wa siri. Sauti ni za Sadhana Sargam na Srinivas, na ndani yake kuna Ustad Sultan Khan. Wazee wa Mombasa walioupenda utamu wa tuni za sinema za Kihindi kwenye taarabu ya Juma Bhalo, naamini wakisikilizishwa huu watatikisa vichwa.

Kwa nini treni zinaonekana kila mahali?

Chennai ina treni za mjini zinazobeba wafanyakazi na wanafunzi asubuhi na jioni, na kwa vijana wasio na faragha nyumbani treni ndiyo mahali pa kuonana. Humo ndimo Karthik anamtamkia Shakti maneno yake maarufu: anamwambia hampendi, hamwoni mrembo, ila anaogopa kwamba hayo yote huenda yakatokea, kwa hiyo afikirie. Kwa ubunifu huo Madhavan aliwateka vijana wa Tamil Nadu nzima.

Lakini angalia treni ni njia ya nani. Baba yake Shakti ni mtu wa reli. Yeye na watu wake wanaishi kwa ratiba ya treni. Karthik ana pikipiki.

Inaishaje? (Usisome jibu hili kama hujaitazama.)

Shakti anapata ukweli kuhusu Karthik na Poorni. Anakimbilia kurudi kwa mumewe, na njiani anagongwa na gari. Ndiyo maana hakushuka kwenye treni. Hospitalini ameandikishwa kwa jina lisilo lake, hivyo Karthik anapita usiku mzima akimtafuta mke ambaye kwenye daftari hayupo.

Anapompata, amefanyiwa upasuaji wa kichwa na hajitambui. Mwanamume aliyemleta, Ram, afisa wa serikali, anasema yeye ndiye aliyemgonga. Baadaye inabainika aliyekuwa akiendesha ni mkewe, Meena. Ram amejitwika kosa kumkinga. Arvind Swamy anaigiza hapa kwa utulivu wa kutisha: mtu aliye tayari kuharibikiwa kila kitu ili mkewe asiguswe.

Karthik anamtazama mtu huyu aliyemletea msiba, na anaona mume. Anaona alichopaswa kuwa. Ndipo anapokaa kando ya kitanda na kusema yale yote ambayo kwenye ile nyumba ya matofali kiburi kilimzuia kuyasema. Shakti anafumbua macho.

Je, Ram alifanya sawa kudanganya?

Kisheria hapana, na sioni haja ya kumtetea. Alimwandikisha mgonjwa kwa jina la uongo, na familia ikahangaika. Ila sinema haimleti kama hakimu wa maadili. Inamleta kama kioo mbele ya Karthik.

Nimeona Saathiya. Ni hadithi ileile?

Ndiyo. Saathiya ya 2002 ni Alaipayuthey kwa Kihindi, iliyoongozwa na Shaad Ali, aliyekuwa msaidizi wa Mani Ratnam. Vivek Oberoi na Rani Mukerji ndio wapenzi, mji ni Mumbai, na nafasi za Ram na Meena walipewa Shah Rukh Khan na Tabu. Muziki ni wa Rahman uleule kwa mashairi ya Gulzar. Wengi wa Afrika Mashariki walianzia hapo, na hakuna ubaya.

Ukiniuliza ipi bora, nitasema ya Kitamil. Saathiya ni nzuri na Rani Mukerji ni hodari, lakini Shah Rukh Khan akiingia macho yote yanamgeukia yeye, wakati pale panahitajika mtu wa kuyageuza macho yetu kwenye uso wa Karthik.

Ukikutana na Sakhi ya Kitelugu, hiyo ni Alaipayuthey yenyewe iliyotiwa sauti za Kitelugu.

Naweza kuitazama na watoto au na wazazi?

Na wazazi, ndiyo, na nakusihi ufanye hivyo. Kwa watoto wadogo kuna mapenzi ya mume na mke ndani ya nyimbo, na hospitali ya mwishoni inaweza kuwasumbua.

Baada ya hii nitazame ipi?

Mani Ratnam ameizunguka ndoa maisha yake yote ya kazi. Mouna Ragam ya 1986 inamhusu msichana aliyeozwa kwa mtu asiyemtaka, Revathi akiwa mke na Mohan akiwa mume mpole anayesubiri. Bombay ya 1995 ni ya Mhindu na Mwislamu waliooana. O Kadhal Kanmani ya 2015 inawahusu vijana wanaoishi pamoja bila ndoa, wakikaa kwa wazee wawili ambao mke anapoteza kumbukumbu. Ukiwa na nafasi ya moja tu, chukua Mouna Ragam.

Nimeshaitazama mara moja. Nikiirudia niangalie nini?

Mwanzo. Karthik yuko juu ya pikipiki, anakwenda stesheni, wimbo ni "Endrendrum Punnagai", tabasamu la siku zote. Mara ya kwanza unaona kijana mwenye furaha tu. Mara ya pili unajua kwa nini anafurahi: ameyatengeneza mambo ya Poorni, na anamngoja Shakti ampe habari. Anapinda kona, upepo unampiga usoni, na mahali pengine katika mji huohuo Meena ameshakanyaga breki.